Mapigo Ambayo Ndila Hakuyahesabu

Kila asubuhi, kabla chuma hakijagongwa kuwaita wachumaji wa kahawa, Ndila alikuwa ameshakoka moto, ameshachota ndoo mbili za maji kwenye mfereji wa bomba na kuosha miguu tayari kwa shule. Lakini ilibaki kazi moja, aliyoipenda kuliko zote. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya atembee kifua mbele katika laini zote, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba lile, upande wa Theta, si mbali na Ruiru. Ndila alikuwa akipima moyo wa Susu.

Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Huyu wa Ndila aliitwa Mbithe, mama mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye maneno ya wazi na kicheko cha kusikika laini ya tatu. Mwaka ule wa 1956 moyo wake ulianza kupiga ovyo ovyo. Mara unakwenda mbio, mara unasita, mara unaruka. Akitembea hatua kumi alihema, na miguu ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Daktari wa hospitali ya Thika alimpa vidonge vidogo vyeupe vya kuutuliza na kuutia nguvu moyo huo, kimoja kila asubuhi, akamrudisha nyumbani aangaliwe na Boaz, dresa, yaani mhudumu wa zahanati ya shamba.

Boaz alikuwa mtu mrefu, mpole, lakini kazini hakupenda mchezo. Mama yake Ndila, Kalondu, hakuwa amesoma, na baba alikuwa kwenye kinu cha kahawa tangu alfajiri. Kwa hivyo Boaz alimwita Ndila, kwa sababu mwalimu alikuwa amemwambia kwamba darasa la tano zima hakuna anayemshinda binti huyo kwa hesabu.

"Sikiza vizuri," Boaz alimwambia. "Dawa hii ni nzuri, lakini ni kali. Inaupunguzia moyo mbio. Ikizidi mwilini itaupunguzia kupita kiasi, na mtu anaweza kufa. Kwa hivyo kabla ya kidonge, mshike Susu hapa, chini ya kiganja. Geuza kichupa hiki cha mchanga, hesabu mapigo mpaka mchanga uishe. Ukipata sitini au zaidi, andika kwenye daftari, kisha mpe kidonge. Ukipata chini ya sitini, usimpe. Njoo mbio kwangu, hata kama niko kanisani."

Kichupa chenyewe kilikuwa cha kioo, chembamba kiunoni, na ndani yake mchanga laini uliotiririka kutoka juu hadi chini kwa dakika moja kamili. Kilikuwa kimoja tu katika shamba zima.

"Kisitoke nyumbani," alisema Boaz.

"Hakitatoka, Dresa."

Wiki tatu Ndila alifanya kazi yake sawasawa. Themanini. Sabini na nne. Sabini na nane. Susu alipata nafuu, akaanza tena kuwagombeza kuku. Majirani wakambandika Ndila jina la Daktari.

"Daktari, nipime na mimi!" alitania Nakhumicha, jirani wa mlango wa pili. "Wangu unapiga nikiona nyama tu!"

Watu wakacheka, na Ndila akacheka nao. Lakini ukweli usemwe, kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Basi Jumatatu moja shuleni palizuka ubishi. Rafiki yake Mumbi alijigamba kuwa anaweza kubana pumzi dakika nzima.

"Dakika unaijulia wapi wewe?" Ndila akamuuliza. "Mimi ndiye mwenye dakika. Kesho nitakuletea."

Na kweli akaileta. Jumanne wakati wa mapumziko alitoa kichupa mfukoni mwa sweta, na watoto wakamzunguka kama nzi kwenye jipu. Kila mmoja alitaka kukiona. Ndila akakiinua juu, akisimama kwa vidole vya miguu, akazunguka polepole ili hata wale wa nyuma wakione. Kiganja kilikuwa na jasho. Kichupa kikateleza, kikapiga ngazi ya jiwe, na mchanga ukamwagika.

Mmoja mmoja watoto wakajiondokea, akabaki Mumbi.

"Enda kwa dresa leo leo," alisema Mumbi. "Mwambie kimeanguka. Atagomba, halafu atanyamaza."

"Atasema mimi si wa kuaminiwa. Kazi atampa mtu mwingine, na laini nzima itajua."

"Na nyanya yako je?"

"Wiki tatu moyo wake uko sawa. Ubadilike leo kwa nini?"

Ndila akaokota vipande, akavifukia nyuma ya choo cha shule.

Kesho yake Susu alinyoosha mkono kama kawaida. "Kichupa kiko wapi?" akauliza.

"Siku hizi nahesabu bila hicho, Susu. Nimezoea."

"Lo! Kumbe mjukuu wangu ameshahitimu!" Susu akacheka kile kicheko chake.

Kicheko kile kilimchoma Ndila. Alishika mkono wa Susu, lakini hakuhesabu lolote. Alikuwa akifikiria nambari ya kuandika, isiyopanda sana wala kushuka sana. Akaandika sabini na sita. Akampa kidonge.

Jumamosi alipeleka daftari zahanati, kama alivyozoea. Boaz alipitisha kidole juu ya nambari, akatia alama nyekundu chini yake. "Kazi safi," alisema. "Ningekuwa na wasaidizi kama wewe watatu, ningelala mchana."

Uso ulimwaka Ndila. Akasema, "Asante, Dresa," akatoka nje, na aibu ikamfuata mpaka nyumbani.

Jumapili ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kalondu alipakua ugali, akamwekea mama mkwe wake sahani. Susu akaitazama, akaisukuma.

"Kalondu, nimekukosea nini hata unipikie unga wa njano?"

Watu wazima wote pale laini waliujua unga wa njano. Ulikuwa unga wa mwaka wa njaa, uliogawiwa watu walipokuwa hawana kitu, mgumu, wenye harufu ya gunia. Waliula kwa shida, na walipopata mahindi meupe waliapa hawataugusa tena. Kumwekea mtu mzima ugali wa njano mwaka wa posho nyeupe ilikuwa ni kumwambia hana thamani.

Kalondu alishtuka. Alichota unga, akautoa nje juani kwenye ungo. Ulikuwa mweupe pe. "Mama, tazama basi!"

"Ninatazama. Ni wa njano," alisema Susu, akajilaza bila kula.

Jumatatu hakula tena. Mfereji ulikuwa mwisho wa laini yao, na wanawake waliokuja kuteka maji walimkuta ameketi mlangoni. Akawaeleza jinsi anavyolishwa unga wa njaa. Nakhumicha aliingia ndani, akaukagua ule unga, akatoka akicheka hata akashika kiuno. "Nyanya, huu ni mweupe kuliko meno yangu! Unatafuta tu kumchafulia mke wa mwanao jina."

Wengine wakacheka pia. Toka siku hiyo pale mferejini ikawa ndiyo hadithi: mzee Mbithe ni mwongo. Kalondu alilia, akamlaumu Susu kwa kumtia aibu mbele za watu. Susu akaacha kusema.

Jumanne alianza kutapika. Kalondu akaenda zahanati pamoja na Ndila.

"Mapigo ya leo ni mangapi?" Boaz aliuliza.

Ndila alifungua daftari. "Sabini na mbili."

Boaz akakuna kidevu. "Kama ni sabini na mbili, basi si dawa ya moyo. Ni tumbo tu. Nitawapa dawa ya tumbo. Ile ya moyo iendelee, na akitapika kidonge, mpeni kingine."

Aliamini daftari, na kwa nini asiliamini? Basi siku mbili zilizofuata Susu alipotapika, Kalondu, kwa mapenzi kabisa, alimwongezea kingine, vikawa vidonge viwili badala ya kimoja.

Ijumaa jioni Ndila aliingia ndani akiwa bado amevaa shati lake jeupe la shule. Susu alimtazama kwa muda mrefu.

"Hata shati lako ni la njano," alisema kwa sauti ndogo. "Ndila, hawa wote wanasema mimi ni mwongo. Wewe unaniamini?"

Ndila alitamani ardhi ipasuke. Katika nyumba ile mwongo alikuwa mmoja, naye hakuwa mzee aliyelala kitandani. "Pumzika, Susu," ndilo neno pekee aliloweza kusema. Akaenda kukaa nyuma ya jiko, akajichukia.

Jumamosi asubuhi aliandika sabini na nne, akampa kidonge. Baada ya saa mbili Susu aliinuka, akapepesuka, akaanguka chini. Kalondu alipiga ukemi. Majirani wakajaa mlangoni, na mtu akamkimbilia Boaz.

Boaz alipiga magoti, akamshika Susu mkono, akatazama saa yake. Akahesabu. Akahesabu tena. "Arobaini," alisema. "Na yanaruka. Mwambieni dereva wa lori alilete hapa, tunampeleka Thika. Ndila, daftari."

Alilisoma haraka, akatoa karatasi na kalamu. Huku akiandika alitamka kila neno, ili Kalondu ajue anachomwandikia daktari. "Mgonjwa amemeza dawa kila siku, na mapigo yamekuwa mazuri muda wote. Leo saa kumi na mbili yalikuwa sabini na nne. Yameshuka ndani ya saa mbili tu. Kwa hivyo sidhani dawa ndiyo iliyomdhuru. Labda moyo umechoka, na anahitaji dawa zaidi."

"Mungu ashukuriwe tunalo daftari," Kalondu alisema akifuta machozi.

"Na tunaye Daktari wetu," akaongeza Nakhumicha, akimpapasa Ndila begani.

Mkono ule begani ulikuwa mzito kuliko debe la kahawa. Nje, lori lilipiga honi. Boaz alikunja barua, akaitia katika bahasha. Ndila alijua kwamba bahasha ikiondoka vile, Susu ataongezewa dawa ile ile. Na alijua pia kwamba akifungua mdomo, laini nzima imejaa mlangoni kumsikia. Alitazama miguu yake. Halafu akamtazama Susu, midomo mikavu, macho nusu wazi.

"Dresa, nambari hizo ni za uongo."

"Zipi?"

"Zote. Tangu Jumatano ya wiki jana. Kichupa nilikipeleka shule, nikakivunja. Sijampima Susu siku kumi na moja."

Mkono wa Nakhumicha ukaondoka begani. Kalondu alimtazama binti yake, na Ndila aliona afadhali angechapwa kuliko kutazamwa vile.

Boaz hakumpiga wala hakumtukana. Alichana ile barua vipande viwili. "Panda lori," alisema. "Daktari utamwambia wewe mwenyewe. Na tukiwa njiani, ukate kila nambari uliyoibuni. Mbele yake andika: Sikupima."

Wakamlaza Susu kwenye godoro nyuma ya lori. Ndila aliketi pembeni yake na kalamu ya Boaz. Barabara ilikuwa na mashimo, na herufi zilimpinda, lakini aliandika. Sikupima. Sikupima. Karibu na Juja askari waliwasimamisha, kwa kuwa ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakataka vipande, yaani vitambulisho, vya watu wazima wote, wakachungulia hata chini ya godoro. Dakika zile Ndila alizihesabu moja moja kwa kuutazama mshale wa saa ya Boaz, huku Boaz akiwa ameshika kiganja cha Susu na kutaja mapigo. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Alipomaliza mstari wa kumi na moja ukurasa mzima ulikuwa umejaa neno lile moja, na machozi yalikuwa yameufuta wino hapa na pale.

Hospitalini daktari alimsikiliza Ndila mpaka mwisho, Boaz akimtafsiria. Hakukunja uso. Aliuliza swali moja: "Mama huyu amelalamika kuhusu macho?"

"Anasema kila kitu ni cha njano," Ndila akajibu. "Ugali, na shati langu. Tulifikiri..."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza, na Boaz akatafsiri polepole, naye mwenyewe akionekana kama mtu anayesikia jambo la kumuuma. Dawa ile ikizidi mwilini, mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutapika, moyo hupiga polepole mno, na wengine huona kila kitu kwa rangi ya njano. Bibi Mbithe hakuwa amedanganya. Tangu Jumapili alikuwa akiwaambia, bila yeye kujua, kwamba dawa imemzidi.

Kalondu alifunika uso kwa leso. "Nami nikampa vidonge viwili viwili," alisema. "Nikamwambia ananichafulia jina."

Dawa ilisimamishwa siku ile ile. Susu alilala hospitalini siku tisa. Kila alipotoka mjini Boaz alileta habari: arobaini na nane, hamsini na sita, sitini na nne. Siku ya tano aliomba chai. Siku ya saba aligombana na mgonjwa wa kitanda cha jirani, na Boaz akasema hapo hana wasiwasi tena. Alirudi na lori la kahawa, akiwa na vidonge vipya vya nguvu nusu ya vile vya kwanza. Kuhusu kupima, Boaz alisema atakuja mwenyewe kila asubuhi na saa yake. Ndila hakuthubutu hata kuuliza.

Kwa siku mbili alimkwepa Susu. Alimwekea chakula na kutoka haraka, uso chini. Siku ya tatu, jua likiwa linaelekea kuzama, Susu alimwita.

"Kaa hapo. Mbona unanikimbia kama mwenye upele?"

Ndila akaanza kulia. "Susu, nisamehe. Nilikaribia kukuua."

"Ulikaribia, ndiyo. Wala sitakwambia hapana ili ujisikie vizuri." Susu alimwacha alie kidogo, kisha akamfuta uso kwa kitambaa chake, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria. "Nimekusamehe tangu nikiwa kwenye lori. Nilikusikia ukisema mbele ya watu wote pale mlangoni, nikajua bado una moyo. Lakini machozi yako hayanisaidii. Unajua kinachoniuma sasa?"

"Kifua?"

"Kifua kimepona. Kinachouma ni kwamba wale wa mferejini bado wananiita mwongo. Mama yako ameniomba radhi, dresa ameniomba radhi. Wao waliokuja nilipoanguka wanasema wewe uliacha kupima tu, na yale ya unga wa njano yalikuwa fitina yangu. Daktari amenitibu moyo. Jina langu hana dawa yake. Hiyo ni kazi yako. Nenda sasa hivi, wakiwa wote."

Ilikuwa saa ya maji, na foleni ya madebe ilifika mbali. Ndila alikwenda. Aliposimama kando ya mfereji hakuna aliyemwita Daktari.

"Nina neno," alisema. "Susu hakudanganya kuhusu unga. Dawa ilipozidi mwilini mwake, ilimfanya aone njano. Daktari wa Thika ndiye aliyesema. Na dawa ilizidi kwa sababu mimi niliandika uongo. Mwongo ni mimi, si yeye."

Maji yaliendelea kumiminika kwenye debe lililokuwa limeshajaa, na hakuna aliyeufunga mfereji. Nakhumicha ndiye aliyetoka kwenye foleni kwanza. Hakumtazama Ndila. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Susu, akapiga goti mbele yake, mwanamke yule mcheshi, akasema, "Nyanya, nilikucheka ukiwa mgonjwa. Niwie radhi." Na nyuma yake wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine, na Susu akawapokea wote, akiwagombeza kidogo kila mmoja kwa zamu.

Walipokwisha kuondoka, Ndila alikuwa bado amesimama kando, mikono nyuma. Susu akamwonyesha mahali pa kuketi, karibu naye kabisa.

"Sasa nisikilize, kwa sababu sitarudia," alisema. "Kuvunja kioo ni ajali. Vitu vya kioo huvunjika. Ungesema siku ile, ungegombezwa, ungelia, ungelala. Ulikosea kwa kuandika kitu ambacho hukukifanya. Mimi nilikuwa nasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba sijisikii sawa, na daftari lako likasema niko sawa, na watu wakaliamini daftari. Utakapokuwa mkubwa utaandika mengi, ya watu wengi. Siku ukipima, andika ulichokiona. Siku usipopima, andika hukupima. Utaona haya, ndiyo, lakini hakuna mtu atakayekufa kwa neno hilo."